Maswali ya Wasomaji: Leza, Nywele za Kidevuni na Ngozi Nyeusi

SWALI: Asalaam aleykum, Dada Mhariri. Mimi ni binti wa Shangani, hapa Mtwara mjini. Tangu nilipovunja ungo naota nywele kidevuni na chini ya taya, na sasa zimekuwa ngumu hata hunilazimu kuzing'oa kwa kibano kila baada ya siku mbili. Ndoa yangu itafungwa msimu wa korosho utakapokwisha, miezi miwili ijayo. Saluni moja inatangaza kwamba mashine yake ya leza humaliza nywele zote kwa siku moja, tena kwa ngozi ya aina yoyote. Je, ni kweli? Na mionzi hiyo haileti saratani?

JIBU: Waaleykum salaam, mdogo wangu, na hongera kwa kuposwa. Tangazo hilo lina makosa mawili. La kwanza litakupotezea fedha tu, lakini la pili linaweza kukuachia mabaka usoni siku ya harusi yako.

Leza ni mwanga wenye nguvu uliokusanywa mahali pamoja. Unapopigwa kwenye ngozi, rangi nyeusi iliyomo ndani ya unywele, iitwayo melanini, huunyonya na kuugeuza kuwa joto, na joto hilo huunguza mzizi bila kuchoma kila kilicho jirani yake. Kanuni hiyo ilielezwa mwaka 1983 na watafiti wawili wa Marekani, Rox Anderson na John Parrish, na mashine za kuondolea nywele zilianza kuruhusiwa nchini mwao katikati ya miaka ya 1990. Sasa, nywele hazikui zote kwa wakati mmoja: nyingine zinakua, nyingine zimepumzika, nyingine zinajiandaa kudondoka, na leza huupata vizuri mzizi wa unywele ulio katika hatua ya kukua tu. Ndiyo maana kwa kawaida huhitajika awamu sita hadi nane, na kwa usoni huachwa wiki nne hadi sita kati ya awamu moja na nyingine. Ukipiga hesabu utaona kwamba hata awamu sita zinachukua karibu miezi mitano au zaidi. Hata baada ya hapo kinachotarajiwa ni nywele kupungua sana na kuwa laini. Wengi hurudi mara moja moja kumalizia zinazochipua upya.

Kosa la pili ni hilo la "ngozi ya aina yoyote". Melanini haimo katika nywele pekee, imo pia katika ngozi, na sisi watu wa Kusini tumejaaliwa nayo kwa wingi. Mashine isiyofaa hushindwa kutofautisha unywele na ngozi, ikaunguza vyote viwili, na matokeo yake ni malengelenge, mabaka meusi au meupe, na wakati mwingine makovu. Leza ya aleksandraiti, ambayo mwanga wake una urefu wa mawimbi wa nanomita 755 (nanomita ni kipimo kidogo mno, sehemu moja ya bilioni ya mita), inawafaa zaidi watu weupe. Kwa ngozi nyeusi, iliyo salama zaidi ni ile iitwayo Nd:YAG, yenye nanomita 1064, kwa sababu mwanga wake hupenya chini zaidi na haunyonywi sana na melanini ya juu ya ngozi. Zipo pia mashine za IPL, ambazo si leza bali ni taa kali ya kumweka, na nyingi za zile ndogo zinazouzwa mitandaoni kwa matumizi ya nyumbani ni za aina hiyo. Kwa ngozi yako usizikaribie. Muulize mhudumu mashine yake ni ya nanomita ngapi na ni nani aliyemfundisha kuitumia, kisha umwombe ajaribu kwanza sehemu ndogo chini ya taya, usubiri siku kadhaa. Akikasirika kwa maswali hayo, mshukuru na uondoke.

Kuhusu saratani, ondoa hofu: mwanga huu si mionzi ya aina ya eksirei, na hauharibu vinasaba. Kinachopaswa kuogopwa ni macho, maana leza inaweza kupofusha, kwa hiyo wewe na mhudumu lazima mvae miwani maalumu.

Hata hivyo, kabla ya kuwaza leza, ningependa uende hospitali, iwe Ligula au ile ya Rufaa ya Kanda kule Mitengo. Nywele ngumu za kidevuni kwa msichana, hasa zikiandamana na hedhi isiyo na mpangilio, chunusi au kunenepa, mara nyingi hutokana na homoni kuvurugika, ikiwemo hali ya ovari kuwa na vifuko vingi vidogo. Chanzo kisipotibiwa, utalipia awamu zote na nywele nyingine zitaota. Na zile nyororo za mashavuni ziache kabisa, kwani leza inaweza kuziamsha zikawa nene.

Ukiamua kuanza baada ya harusi, acha kibano, uzi na waksi wiki nne kabla, kwa sababu mzizi ukishang'olewa leza haina cha kuunguza. Wembe unaruhusiwa, na si kweli kwamba huzifanya nywele kuwa nene. Acha mkorogo wa aina yoyote. Jikinge na jua, jambo gumu kwa anayeshinda shambani akiokota korosho, na umwambie mhudumu kama unatumia doksisaiklini (dawa ya kuua bakteria) au dawa za chunusi. Kitandani utapakwa jeli ya baridi, kisha kila pigo utalisikia kama raba ya kufungia noti inayokuchapa, pamoja na harufu ya nywele zilizoungua. Vipele vidogo kuzunguka vinyweleo huisha ndani ya siku moja au mbili. Wiki mbili baadaye utadhani nywele zinaota tena, kumbe ni mabaki yanasukumwa nje. Yaache yadondoke yenyewe.

Ikibidi uifuate huduma Dar es Salaam, zidisha nauli ya kwenda na kurudi mara sita kabla hujalipa awamu ya kwanza. Kwa harusi hii, wembe safi asubuhi ya siku yenyewe unatosha.

SWALI: Mhariri, mimi ni kijana wa Lindi mjini. Kila nikinyoa ndevu natoka vipele vyenye usaha shingoni. Je, leza inatibu?

JIBU: Inasaidia sana, ndugu yangu, lakini isiwe hatua ya kwanza. Ndevu zetu zimejikunja, na zikikatwa karibu mno hurudi na kuichoma ngozi. Acha wembe kwa mwezi mmoja, tumia mashine inayoacha ndevu fupi badala ya kuzifyeka hadi mzizini, na uwe na mashine yako unapokwenda kwa kinyozi. Vipele vikiendelea au vikianza kuacha makovu yaliyovimba, mwone daktari wa ngozi. Leza ya nanomita 1064 ndiyo atakayoizungumzia, na ujue kwamba ndevu zako zitapungua.

SWALI: Mama yangu mkubwa ana mvi kidevuni. Je, naye aende?

JIBU: Asiende. Mvi hazina melanini, kwa hiyo leza hupita bila kuzigusa. Kuna njia ya sindano nyembamba ya umeme inayochoma mzizi mmoja mmoja, ambayo haichagui rangi ya nywele, ila ni ya polepole na inauma. Kama ni nywele chache, mnunulie kibano kizuri na kioo kikubwa.