Sumu ya panya chini ya boneti? Toa leo hii, mkuu

Mkuu, toa hiyo sumu kwenye gari. Umesema unakwenda Dar miezi miwili, IST inabaki kwa shemeji yako Buswelu, na umeshaanza kupanga vile vitofali vya bluu vya kuulia panya chini ya boneti ili wasikutafunie waya. Umeuliza pia ununue kava gani na kama uchomoe betri. Hayo siku nyingine. Leo sumu.

Mimi niliambiwa hivyo hivyo na jamaa wa duka la pembejeo, tena kwa kujiamini, huku anagongagonga kalamu kwenye kaunta: "Hii bosi, akila inamshika kiu, anatoka mbio kutafuta maji, anafia huko huko nje." Nikamwamini. Mtu mzima, naishi Isamilo hapa Mwanza, nyuma ya nyumba ni mawe matupu na panya wake nawajua kwa sura, nikaamini kwamba panya akishakula sumu atateremka mlima hadi ziwani, anywe maji, kisha afe kistaarabu pembeni ya Capri Point.

Hakuna kiu yoyote. Sumu nyingi za aina ile kazi yake ni kuzuia damu isigande. Panya anakula leo, haoni kitu, kesho anarudi kuongeza. Baada ya siku kadhaa damu inaanza kumvuja kwa ndani na nguvu zinamwisha. Sasa mnyama akiishiwa nguvu anakwenda wapi? Anarudi kitandani kwake. Na kitanda kilikuwa wapi? Kwenye Noah yangu.

Halafu kuna hili ambalo yule jamaa hakulisema kwa kuwa halimuuzii: kile kitofali kimetengenezwa kwa nafaka na kukolezwa ili panya akipende. Panya waliokuwa na mambo yao huko kwenye mawe, wasio na habari na gari langu, nikawaita mimi kwa hela yangu.

Nilikuwa Ukerewe kwenye msiba, nikaunganisha na mambo ya shamba, gari likakaa. Niliporudi nikawasha, nikafungulia AC. Aisee.

Mke wangu akasema ni dagaa. Nikaona ana hoja, maana kabla ya safari tulibeba kiroba cha dagaa kutoka soko la Mwaloni kikachanikia kwenye buti. Basi tukalaumu dagaa. Gari likaoshwa ndani, kapeti zikaanikwa juu ya mawe, nikanunua zile pafyumu za kuning'iniza kwenye kioo. Ikawa mzoga wenye marashi. Mama mmoja niliyempa lifti ya Nyegezi alishuka Mkuyuni, akasema leo anajisikia kutembea.

Fundi wa kwanza akasema gesi ya AC imeisha. Akajaza, akachukua hela yake. Gesi inanuka panya? Fundi wa pili ndiye aliyefungua droo ya dashibodi, akachomoa filta ya AC, akachungulia, akairudisha polepole, akaniuliza kama nimeshakula. Filta ilikuwa na tundu la kupitisha ngumi ya mtoto. Nyuma yake, kwenye feni, kiota: karatasi ya filta iliyochanwa nyuzinyuzi, sponji ya siti, kipande cha risiti ya mafuta, na vitofali viwili vizima ambavyo bwana mkubwa alivibeba kuviweka akiba. Mkia ulikuwa umejizungusha kwenye feni. Maana yake kila nikifungulia AC nilikuwa namsaga na kumpulizia usoni mwa watoto wangu.

Kumtoa ilibidi dashibodi ishuke yote. Laki nne na ushee, pamoja na feni na filta mpya. Skrubu tatu zikabaki, fundi akanifungia kwenye karatasi na kunitakia safari njema. Mpaka leo dashibodi inalia kwenye kila tuta. Na waya? Waya zilitafunwa vilevile.

Kwa hiyo sheria ni moja, na mnichoke tu: ndani ya gari kisiwepo chochote kinacholiwa, na sumu inaliwa. Panya auawe nje. Wewe uliyemshauri mwenye IST "weka nyingi wafe wote", naomba siku moja unipe lifti.

Toa kapeti, fagia chini ya siti, makombo ya biskuti za mtoto, punje za mchele, magamba ya dagaa, yote yatoke. Kabla hujazima gari bonyeza ile swichi ya AC ya kuzungusha hewa ya ndani. Kwa gari nyingi inafunga njia ya hewa ya nje, ile inayoanzia chini ya kioo cha mbele, na ndimo wanamopita. Pale chini ya kioo funga wavu wa chuma wenye matundu madogo. Usiweke sponji, utakuwa umewaletea godoro. Mitego ya kubana iwe nje, ukutani, kwa sababu panya hupenda kutembea akiambaa ukuta, na chambo chake dagaa huyo huyo. Nafitalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, nilijaribu, panya wakazoea, mimi ndiye niliyeumwa kichwa. Shemeji awe anafungua boneti na kulizungusha gari mtaani kila baada ya siku chache, pasipate kuwa mahali tulivu pa kuzalia.

Ukikuta mavi yao usifagie makavu. Vaa glovu, mwagia dawa ya klorini, acha ilowe, ndipo ufute. Homa ya mgunda iliyoua watu Lindi mwaka 2022 huenezwa kwa mkojo wa wanyama, na panya ni wa kwanza kwenye orodha.

Sasa funga simu, chukua tochi na glovu, nenda kavitoe hivyo vitofali usiku huu, na uvihesabu. Vikipungua hata kimoja, usiwashe AC. Fungua droo ya dashibodi, chomoa filta, na uwe umeshakula.