Mshahara upo, ila nyumba si ya bure

Wanaofanya kazi Walt Disney World, eneo la bustani za burudani huko Florida, Marekani, kupitia programu ya wanafunzi wa vyuo iliyoanza mwaka 1981 hulipwa kwa saa, kwa hiyo si kweli kwamba hujitolea bure, kama wengine wanavyodhani. Ambacho si cha bure ni malazi, kwani anayekaa kwenye nyumba za programu, siku hizi Flamingo Crossings Village, hukatwa kodi ya nyumba kila wiki moja kwa moja kwenye mshahara, kama masharti ya programu yanavyoeleza. Wiki yenye zamu chache, kodi hubaki ileile, na hapo ndipo wengi hulalamika, nami naona wana haki.

Kazi yenyewe ni ya kusimama: kupanga foleni, kufunga mikanda ya abiria, kufagia njia, kuuza vyakula. Hata anayepangiwa Harambe, kijiji cha kubuni katika Disney's Animal Kingdom, mojawapo ya bustani hizo, kilichoigwa kwa sehemu kutoka Lamu, anaweza kushinda siku nzima nyuma ya mashine ya kupokea malipo.

Tahadhari moja kwa walioko nje ya Marekani: wanafunzi huhitaji viza ya J-1, wakati viza ya Q-1 ni ya wanaokwenda kwa mabadilishano ya utamaduni, nayo ina kikomo cha miezi 15. Nafasi za uhandisi, uhasibu au utunzaji wa wanyama ziko katika mpango mwingine wa mafunzo ya kitaaluma, wenye maombi yake.