Kejeli ikipanda jukwaani: maswali yenu kuhusu Candide

Candide, mchezo wa nyimbo uliotokana na riwaya ya kejeli ya Mfaransa Voltaire, ina muziki wa Leonard Bernstein, ilibumaje Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York?
Ilibuma kweli, ilifunguliwa Desemba 1956 ikapiga maonyesho 73 tu basi. Muziki haukuwa na shida bana. Skripti ya Lillian Hellman ndo ilikuwa nzito, yule mama 1952 alishaitwa kuhojiwa na kamati ya bunge la Marekani iliyokuwa inasaka wakomunisti, kwa hiyo kalamu yake ina hasira na huku okestra inacheka, sasa mtazamaji amfuate nani?

Kikundi chetu kinageuza riwaya ya kejeli iwe mchezo wa nyimbo. Msimulizi tumtoe?
Msithubutu! Kwa Voltaire utani wote uko kwenye sauti ya msimulizi, watu wanachinjwa maelfu vitani na yeye anasimulia kama anasoma risiti ya duka. Ukimtoa, inabaki damu tu. Mwongozaji Harold Prince aliliona hilo, toleo lake la Brooklyn 1973 lilikuja na skripti mpya ya Hugh Wheeler, kitendo kimoja tu, Voltaire mwenyewe yupo jukwaani anasimulia na waigizaji wanapita katikati ya watazamaji. Mwaka uliofuata likahamia Broadway, maonyesho 740.

Wimbo wenyewe unakejeli vipi?
Sikiliza "Glitter and Be Gay". Cunegonde, mpenzi wa kijana Candide mwenye hadithi, anaanza polepole, analia kwamba heshima yake imepotea, mara anakumbuka vito alivyohongwa, muziki unashika kasi na kicheko chake kinageuka kuwa noti za juu kabisa za soprano. Hakuna anayemsema, anajiumbua mwenyewe huku akivaa mkufu.

Riwaya ina safari nyingi mno, tukate wapi?
Kateni miji, hata Venice ikibidi, mimi singelia. Ila Lisbon msiiguse. Baada ya lile tetemeko la 1755 wakubwa wanaamua kuchoma watu ili ardhi isitikisike tena, Pangloss, mwalimu wa Candide, ananyongwa (ingawa hafi), na Candide anachapwa viboko kwa mapigo ya wimbo unaoimbwa palepale, yaani mwandishi alishawapangia hadi mdundo. Na siku hiyohiyo ardhi inatikisika tena.

Wimbo wa mwisho wa bustani si unaua kejeli?
Kidogo, ndiyo. Kitabuni Candide anamkatisha tu Pangloss maneno, anasema tulime bustani yetu, hakuna kwaya.