Maswali ya Gereji: Kombi ya zamani inagoma kuingia gia, giaboksi imekufa?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nimenunua Kombi ya Volkswagen ya 1974, ile ya kulala ndani, ina kitanda na makabati na kajiko kadogo, ilikuwa imepaki muda mrefu sana kabla sijaichukua. Injini inawaka fresh, shida ni gia. Namba moja mpaka nibembeleze, rivasi inakwaruza mpaka watu wanageuka kuangalia, na kuna wakati natafuta namba mbili nashangaa gari linarudi nyuma! Tatu na nne hazina neno. Ikipata moto ndo inazidi. Nimeambiwa giaboksi imekufa, ishushwe ifumuliwe yote. Niamini?

JIBU: Usifumue kitu bado ndugu yangu. Huyo aliyekuambia giaboksi imekufa, je alilala chini ya gari akaangalia? Manake kwa maelezo yako mimi naona matatizo mawili tofauti yamekukuta kwa wakati mmoja, klachi na mfumo wa rodi (zile fimbo za chuma zinazotoa mwendo kwenye gia liva kupeleka kwenye giaboksi), na yote mawili yanakaguliwa bila kushusha chochote.

Anza hivi. Gari likiwa sehemu tambarare, zima injini, weka vizuizi kwenye matairi, kanyaga klachi uingize gia zote moja moja. Ikigoma moja usiilazimishe, toa vizuizi usukume gari kidogo tu meno yakae sawa, ujaribu tena. Kama zote zinaingia injini ikiwa imezimwa ila ukiwasha zinakataa, giaboksi haina kosa, klachi ndo haiachii. Kama zinagoma hata injini ikiwa kimya, basi kosa liko kwenye rodi au ndani. Jaribio lingine, injini ikiwa inaunguruma taratibu kanyaga klachi mpaka mwisho, subiri kama sekunde 5 ndo uingize rivasi. Rivasi ya hizi giaboksi haina sinkronaiza (kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa meno kabla hayajaumana) kwa hiyo ndo ya kwanza kukusemea: ikikwaruza hata baada ya kusubiri, ujue injini bado inazungusha shafti ya giaboksi wakati inatakiwa iwe imeiachia.

Sasa klachi yenyewe, na hapa wenye magari ya kulala ndani nawaonea huruma, maana aliyepamba ndani huwa anatandika zulia nene juu ya zulia. Pedali za Kombi hii zinatokea sakafuni, kwa hiyo zulia nene linazuia pedali isifike chini, unadhani umekanyaga yote kumbe bado. Toa kila kitu hapo miguuni kwanza, haigharimu hata senti. Halafu pima uhuru wa pedali, ule mchezo wa mwanzo kabla hujahisi uzito, unatakiwa uwe milimita 10 mpaka 20. Ukizidi, ingia nyuma chini, upande wa kushoto wa giaboksi utaona waya wa klachi umefungwa na nati yenye masikio, kaza kidogo upime tena. Usikaze mpaka uhuru uishe kabisa, utaunguza beringi ya klachi na pleti ya klachi itaanza kuteleza. Na huyo waya kabla hajafika kwenye nati anapita kwenye kibomba kinachopinda, hicho kinatakiwa kishuke kama milimita 25 hadi 45, kikinyooka sana au kikipinda sana klachi inashtuka au inakuwa nzito. Waya wenyewe ukianza kuchanika nyuzi nyuzi badilisha tu, usiufanyie majaribio.

Ukishafanya hayo yote na bado inang'ang'ania, kwa gari lililopaki muda mrefu nashuku pleti imeshikana na flaiwili (lile gurudumu zito la chuma linalozunguka na injini) kwa kutu, au ile beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili imekauka, hiyo ikipata moto inashika shafti na ndo inafanana na unachosema. Hapo lazima injini itoke. Injini, sio giaboksi! Kwenye Kombi injini iko nyuma inatolewa peke yake na giaboksi inabaki pale pale, kwa hiyo mtu akikupigia bei ya kushusha vyote viwili kwa ajili ya klachi muulize kwa nini.

Turudi kwenye namba mbili inayogeuka rivasi. Rivasi unaipata kwa kugandamiza gia liva chini, unaisukuma kushoto halafu nyuma, iko jirani kabisa na namba mbili. Kinachozuia usiingie huko kwa bahati mbaya ni kile kisahani cha chuma chini ya liva, kikilika au mtu akikifunga kimekaa vibaya ndo hivyo unavyoona. Kabla hujalegeza bolti za liva chora alama kwa rangi ilipokuwa, maana milimita chache tu zinabadilisha kila kitu. Ila kabla ya hapo, mweke mwenzako ndani achezeshe liva huku wewe uko chini (injini imezimwa, vizuizi kwenye matairi, na usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake) uangalie ile rodi ndefu mpaka kwenye kaplingi (kiungio cha rodi) karibu na giaboksi. Liva ikitembea sana na kaplingi ikatingishika tu, bushi zimekwisha au bolti ya kaplingi imelegea, na hiyo bolti inatakiwa ifungwe waya isijifungue. Bushi ni vitu vidogo vya plastiki, na mara nyingi ndo ugonjwa wote.

Oili ya gia usisahau, GL-4 ya 80W-90, inaingia lita 3.5. Fungua nati ya kujazia KWANZA kabla ya ya kumwagia, isije ikagoma kufunguka na oili yote umeshaimwaga.

SWALI: Yangu inaingia gia zote poa ila namba nne inaruka nikiachia mafuta.

JIBU: Angalia mpira wa maunti za giaboksi (vile vishikizo vinavyoifunga kwenye gari) na ile kaplingi. Kama viko sawa na bado inaruka, hapo ndani pamelika kweli, na hiyo ndo kesi ya kufumua.

SWALI: Mimi nina ya 1986, ile ya injini ya maji, nayo rivasi inakwaruza. Nikaze waya gani?

JIBU: Hakuna waya, klachi yako ni ya haidroliki. Angalia mafuta ya breki kwenye kikopo kilicho nyuma ya dashibodi ya mita, klachi na breki wanakunywa humo humo. Yakiwa yanapungua chungulia silinda ndogo ya klachi iliyoko kwenye giaboksi kama inavuja, na ukishaibadilisha toa hewa yote kwenye mfumo.