Baba anapona kiharusi, mbona amenyamaza?

Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Umeuliza kwa nini baba, ambaye mkono na mguu vimeanza kupata nguvu baada ya kiharusi, sasa hataki mazoezi wala mazungumzo, na kama ni sawa kumwambia ajikaze.

Acheni kumwambia hivyo. Takriban mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu, na huo si uvivu wala upungufu wa imani. Sehemu za ubongo huwasiliana kupitia nyuzi za neva. Kiharusi kikiharibu nyuzi hizo, hata sehemu iliyo mbali na jeraha, yenyewe ikiwa nzima, hukosa taarifa ilizozoea kupokea. Mtandao unaoratibu hisia na hamu ukivurugika, mtu hupoa kabisa. Ndiyo maana jeraha dogo kwenye picha ya ubongo linaweza kuleta huzuni kubwa. Na kupoteza uwezo nako kunauma, tusisahau.

Mwelezeni daktari mnachokiona hasa: anaacha chakula nusu sahani, anaamka usiku wa manane na kukodolea dari, haulizi tena habari za wajukuu. Ushauri nasaha na dawa za sonona huwasaidia wengi, ila dawa huchukua wiki kadhaa. Msizianzishe wenyewe, maana baadhi huongeza hatari ya kutokwa damu zikichanganywa na dawa za kuzuia damu kuganda. Akisema heri afe, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.