Vitufe vya Kompyuta Visivyojibu kwenye Linux: Tafuta Vilipokwamia

Umeweka Linux kwenye kompyuta mpakato, herufi zote zinaandika vizuri, lakini vitufe vya mwangaza, sauti au kuzima mikrofoni vimekaa kimya. Wengi watakwambia upige mfumo upya. Nakusihi usikimbilie huko, maana mara nyingi tatizo litakusubiri palepale. Kitufe kikibonyezwa, taarifa yake hutoka kwenye kibodi, hupita kwenye kerneli (kiini cha Linux), ndipo ifike kwenye eneo-kazi unalolitumia, yaani GNOME, KDE au Cinnamon. Lazima ujue imekwamia wapi kabla hujagusa chochote.

Kwanza bonyeza Fn na Esc kwa pamoja. Mashine nyingi hufunga na kufungua Fn hapo. Angalia pia mipangilio ya BIOS.

Halafu weka evtest, programu inayoonyesha kila taarifa ya kitufe kerneli inayoipokea. Mimi siku hizi sianzi kumsaidia mtu bila hiyo. Kwenye Ubuntu, Debian au Mint andika `sudo apt install evtest`, kisha `sudo evtest`. Chagua "AT Translated Set 2 keyboard" ubonyeze kitufe chenye shida. Pakiwa kimya, jaribu "Video Bus" au kifaa chenye neno WMI katika jina lake, kwa sababu watengenezaji wengi hupitishia vitufe maalumu huko.

Ukiona KEY_BRIGHTNESSUP (kitufe cha kuongeza mwangaza) na mwanga haubadiliki, kibodi iache, haina kosa. Fungua folda ya `/sys/class/backlight`. Ikiwa tupu, au kilichomo hakiendeshi skrini yako, jaribu kuongeza `acpi_backlight=native` kwenye mstari wa kuwashia wa GRUB, programu inayoiwasha Linux.

Kitufe cha mikrofoni kina kisa chake, na ndicho kinachowasumbua watu kuliko vyote. evtest inaonyesha KEY_MICMUTE, kerneli imekitambua, lakini kwenye X11, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha kwenye skrini, mara nyingi hakuna kinachotokea. Namba ya kitufe hicho ni 248. X11 huongeza 8 juu ya kila namba, inakuwa 256, na yenyewe haivuki 255. Hapo eneo-kazi halipati habari kabisa, hata ukihangaika na mipangilio ya kibodi usiku kucha. Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11, haina ukomo huo, basi ingia kwanza kwa Wayland uone.

Ukitaka kubaki X11, tazama namba iliyoandikwa mbele ya MSC_SCAN (namba ambayo kibodi yenyewe hutuma) kwenye evtest. Tuseme ni 66. Tengeneza faili la hwdb, orodha ya vifaa ambayo Linux huisoma kujua maana ya vitufe, kwa jina `/etc/udev/hwdb.d/90-kibodi.hwdb` uandike:

```
evdev:atkbd:dmi:*
 KEYBOARD_KEY_66=f20
```

Mstari wa pili lazima uanze na nafasi moja. X11 huitafsiri F20 kuwa kuzima mikrofoni. Maliza kwa `sudo systemd-hwdb update` na `sudo udevadm trigger`.

Faili hilohilo linatibu pia kitufe ambacho `sudo dmesg` (amri ya kusoma ujumbe wa kerneli) inakiita "Unknown key pressed". Ujumbe huo hukushauri utumie setkeycodes, ila amri hiyo husahaulika ukizima mashine, hwdb hudumu.

Ikikubali, usibaki nayo peke yako. Chukua jina la mtengenezaji na la mashine yako (sehemu zinazoanza na svn na pn) kwenye `/sys/class/dmi/id/modalias`, badilisha ile nyota iwe `*:svn...:pn...:*` yenye majina hayo, kisha upeleke mistari hiyo kwa mradi wa systemd, wanaoitunza hwdb. Wakiipokea itaingia kwenye `60-keyboard.hwdb`, na mwenye mashine kama yako ataipata pamoja na masasisho ya kawaida.