Mgomo wa bandari umeisha, mbona kontena halifiki Tanga?

Mkuu, umeuliza inakuwaje mgomo wa bandari za mashariki mwa Marekani ulidumu siku tatu tu, 1 hadi 3 Oktoba 2024, halafu wakala wako anakwambia mzigo utachelewa wiki kadhaa. Hakudanganyi.

Nagomboa mizigo hapa Tanga. Mwaka 2022 mteja wangu wa mkonge, Muheza, alikuwa na vipuri vya korona, ile mashine ya kusindika majani ya mkonge, kwenye kontena lililokwama Felixstowe, Uingereza. Wafanyakazi wapatao 1,900 waligoma siku nane kuanzia 21 Agosti. Siwalaumu: waliahidiwa nyongeza ya mshahara ya asilimia 7 wakati gharama za maisha zimepanda kwa zaidi ya asilimia 10. Ila meli haikai kungoja. Inaruka bandari iliyogoma ili iwahi ratiba, na makontena ya kupakiwa yanabaki uwanjani. Kazi ikirudi, meli zinakuja kwa mkupuo, foleni inaanza upya. Sisi hata foleni haijaisha, wakagoma tena 27 Septemba.

Lakini muda mwingi ulipotelea njiani. Kontena letu lilitakiwa kuhamishiwa meli nyingine, ndogo, ndiyo ije huku. Lilipochelewa, nafasi yake ikaenda kwa wengine, likakaa kusubiri safari inayofuata. Huku korona imelala, na jani la mkonge likishakatwa linatakiwa lisindikwe ndani ya siku mbili hivi, la sivyo linaharibika. Wakataji wakasimamishwa. Iliniuma sana, maana wale wanalipwa kwa walichokata.

Bima usiitegemee. Kile kipengele cha ziada cha bima kuhusu migomo hulipa mzigo ulioharibiwa na wagomaji, kuchelewa hakilipi. Na masharti ya hati ya shehena kwa kawaida yanamwondolea mwenye meli lawama ya mgomo.

Kwa hiyo acha kumuuliza wakala mgomo umeishaje. Muulize kontena linabadilishwa meli bandari gani, na limeshapangiwa meli ipi ya pili. Kama una oda zaidi ya moja njiani, jiandae zitue pamoja: ushuru wa zote kwa mpigo, malori ya zote kwa mpigo, na siku za bure za kukaa bandarini zinaanza kuhesabiwa zikishushwa tu. Wengi hawachomwi na mgomo wenyewe, wanachomwa na demareji ya wiki hiyo, yaani tozo ya kontena kupitisha siku za bure. Anza kuongea na benki sasa, na nyaraka zipelekwe forodhani kabla meli haijatia nanga.